Msiba wa Ghorofa ya Juu

Mpangaji wetu wa juu, hapa mtaani kwetu Wattaya, ni mwanamuziki kutoka Ukraine. Huchukua nyimbo za bibi yake wa kijijini, akazitia kwenye vinanda vyake vya umeme, vikanguruma mpaka vikombe vyetu vya kahawa vikatetema kabatini.

Wiki aliyohamia, mamangu alisikia sauti ya mwanamke analia kule juu. Hakuuliza. Kwetu nyumba yenye msiba haipiki, jirani ndiye anayepika. Siku tatu nikapandishwa ngazi na sinia la wali, na mfiwa akilipokea kwa kicheko. Nikasema moyoni, hawa watu wana subira.

Siku ya nne alishuka kurudisha masinia, mama akanambia nimuulize nani kafariki. Hakuna. Ule ulikuwa wimbo wa harusi, bibi harusi anawaaga wazee wake.

"Harusi! Sasa mbona mnamlilia kama maiti?" Mama akapiga kigelegele palepale, kumwonyesha. Mgeni akakimbilia juu kuchukua maikrofoni.

Sasa kigelegele kimo ndani ya wimbo, na mama ana lalamiko moja tu: "Mwambie apunguze hicho kinanda. Mie sisikiki."