Kibuyu cha Nareyu Hakirudi Kitupu

"Laurencia, hao watoto wa watu una kibali nao?"

Aliyeuliza ni Fabian, jirani yake, ameegemea ua, meno yote nje. Alikuwa ametoka mkutano wa kijiji, wametangaziwa kwamba vituo vya kulelea watoto visajiliwe. Kwake ulikuwa utani tu. Laurencia hakucheka.

Nasali naye jumuiya moja hapa Endamarariek, namfahamu. Watoto wake wamekua wakaondoka, na nyumba ile ilikuwa imepoa kabisa. Msimu wa vitunguu ulipofika, rafiki zake Selina na Nareyu walipata kibarua cha kuvuna huko Mang'ola, wakamwachia watoto wao wadogo. Hakutaka hata senti. Tangu hapo kelele zikarudi nyumbani, na yeye akaanza tena kuimba akisonga ugali.

Sasa akaingiwa na hofu. Akikatazwa, wenzake wataacha kibarua, au watawafungia watoto ndani. Akasali, kisha akajifunga kanga, akaenda mwenyewe ofisi ya kata kwa afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja anaitwa Wilson.

"Nimekuja kujisema," akamwambia.

Wilson akasema atakuja kuona. Siku aliyokuja nilikuwepo, tunachambua maharage. Mara Nareyu naye huyo, anapitia kumwacha mtoto, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Mama, haya maziwa ndiyo malipo?" Wilson akauliza.

"Malipo!" Nareyu akashika kiuno. Kwao ni Olbalbal, kwa wafugaji wa Kimaasai, na neno la maziwa huwa halimpiti hivi hivi. "Nije kwa rafiki yangu mikono mitupu, mimi mgambo nimekuja kukamata mtu?"

"Na mimi kibuyu chake sikirudishi kitupu," Laurencia akasema taratibu. "Huwa natia mahindi. Sasa mwanangu, hapo nani anamlipa nani?"

"Wapige faini wote wawili!" Fabian akadakia kutoka uani.

Wilson alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akatueleza vizuri: kituo ni cha mtu aliyefanya kulea watoto kuwa kazi yake, anatoza, na hicho kina usajili wake. Rafiki kumwangalizia rafiki mtoto bila malipo si kituo.

"Ila mama, siku ukianza kutoza, uje kwanza ofisini. Na lile pipa la maji lifunikwe, watoto wasije wakatumbukia."

Fabian mwenyewe ndiye aliyekimbia kuleta ubao wa kulifunika. Nareyu akapiga kigelegele, nasi tukamshukuru Mungu palepale, maharage miguuni.

Wilson akasimama kuaga. "Mama Laurencia, una ombi lolote kwetu ofisini?"

Laurencia akatazama sufuria jikoni, akamtazama mtoto wa Nareyu aliyemng'ang'ania ubavuni.

"Nishikie huyu kidogo, mwanangu, nipakue uji."