Siku Kompyuta ya Kaunta Ilipoongea

Nikiwasimulia hii mcheke polepole, kwa sababu kuna watu hapa Kisumu ambao mpaka leo wakiniona pale Otonglo siku ya soko wananiita Jajuok (yaani yule mchawi wa kukimbia usiku na kutupia watu mawe mapaani), na mimi usiku huwa nimelala kwangu Kaloleni kama mtu yeyote.

Nafanya kazi kwenye sacco moja mjini, kaunta namba mbili, na namba moja hukaa Mama Risper, aliyenifundisha kazi nilipoingia nikiwa sijui hata kupiga mhuri. Mwaka huu sukari ilimwingia machoni. Aliniambia mimi peke yangu, tukila chakula cha mchana, kwamba maandishi ya skrini yamekuwa ukungu mtupu, na kwamba Madam meneja akijua atamrudisha nyumbani kabla binti yake wa mwisho hajamaliza chuo. Akaniomba nisimwambie mtu, nikaapa.

Basi mimi na kiherehere changu nikapata habari kuna programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, unavaa hedifoni unasikia kila kitu. Nikaona nimfanyie sapraizi. Asubuhi moja kabla hajafika nikaipakua kwenye kompyuta yake, nikaiweka kwenye folda, na kwa kuwa folda lazima iwe na jina nikaiita MAMA RISPER HAONI (msiniulize kwa nini, ningeweza kuiita hata SUKUMA WIKI).

Kompyuta ikakataa. Mashine zetu zimefungwa kila mahali, huwezi kuongeza programu, huwezi kubadilisha saa, hata sauti huwezi kuipunguza. Ningemwomba Madam ruhusa, lakini ningesema ni ya nani? Nikampigia Okoth, fundi wetu aliye Nairobi, nikambembeleza mpaka akaninong'oneza paswadi ya mashine zote, huku akicheka kwamba aliichagua siku Madam alipomnyima likizo. Nikaiandika, ikakubali, programu ikaingia.

Nilichosahau ni kwamba kompyuta ya kaunta namba moja ndiyo imeunganishwa na spika ya kuitia watu kwenye foleni. Milango ilikuwa imeshafunguliwa, ukumbi umejaa, na sauti ya Kizungu cha puani ikatoka juu ya dari ikisema folda, Mama Risipa haoni. Nikasogeza mshale niifunge, ikarudia. Nikasogeza tena, ikarudia tena, na nilipoinua macho Mama Risper alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

Mtasema ningechomoa waya. Waya zote ziko ndani ya kabati la chuma na ufunguo anao Madam, kwa hiyo nikaona dawa ni kuing'oa programu yenyewe, nayo ikadai paswadi, na mimi kwa haraka nikaiandika kwenye kisanduku cha jina, ambako herufi hazifichwi, na ile mashine ikazitangaza moja moja kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Em, ei, di, ei, em, na kuendelea mpaka mwisho. Mwalimu mmoja mstaafu wa Pap Onditi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alikuwa anaziunganisha kwenye karatasi yake, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Madam jajuok."

Madam alikuwa ameshatoka ofisini kwake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu ni nani ameweka hiyo kitu, na ya nini.

"Ni yangu, Madam," Mama Risper akasema kutoka mlangoni. "Macho yangu imeenda. Huyu Odhis alikuwa ananisaidia tu."

Habari ya jajuok nilijua nitaivumilia, lakini pale nilitamani sakafu ipasuke. Madam akavuta kiti, akamwambia Mama Risper aketi tuone kama inafanya kazi. Mama Risper akauliza hedifoni ziko wapi. Zilikuwa mfukoni mwangu. Nikazichomeka, na spika ikanyamaza mara moja (ndiyo, muda wote huo dawa ilikuwa hiyo tu). Akabonyeza, akasikiliza, akamwita yule mwalimu kwa majina yake matatu, akamhudumia mpaka mwisho.

Mpaka leo yuko kaunta namba moja. Okoth na mimi tulipata barua za onyo, na paswadi ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Jioni nilimfuata Mama Risper kumwomba msamaha, nikimkumbusha kwamba angalau mambo yameisha vizuri na kazi anayo.

"Nimekusamehe," akaniambia. "Lakini hiyo siri ilikuwa yangu, Odhis. Ningeisema mwenyewe, siku yangu."

Siku hizi nikitaka kumsaidia mtu, namuuliza yeye kwanza.