Kichwa cha Mama wa Bi Harusi

Nywele zangu zilianza kunitoroka kwa mbele mwaka uleule binti yangu alipochumbiwa Newala. Wakwe zetu wale ni watani wetu, na mtani hana haya: hata msibani atakusema mpaka ukome, na hutakiwi kununa. Wakiona upara wangu watasema binti naye yuko njiani, na mwanangu ataingia kwenye nyumba ya watu akiwa kichekesho. Hilo liliniuma kuliko nywele zenyewe.

Nikaanzia hospitali yetu ya Masasi, Mkomaindo. Daktari akanitazama kwa upole. "Mama, acha kusuka kwa kubana, acha dawa ya kulainisha. Paka hii, halafu uwe na subira ya miezi." Miezi! Harusi ilikuwa mwezi ujao. Nikamshukuru kwa mdomo tu.

Saluni wakaniambia nywele si tatizo, tatizo ni kukosa wigi, wakataka kuligundisha juu ya vinywele vilivyobaki. Shangazi yangu wa Chiwata akaja na maji ya kitunguu. Nilipaka wiki nzima, baba watoto akahamia sebuleni akisema hawezi kulala na kachumbari. Saluni walimponda shangazi, shangazi akawaponda saluni, wote wakamponda daktari. Na wote hao, ukiwatazama vizuri, walikuwa wamejifunga vilemba.

Ndipo akili yangu mwenyewe ikanishauri. Nikawaza, maji ya ganda la korosho si yanatoa chunjua? Basi yatafungua na vinyweleo vilivyoziba. Jamani, mtoto gani wa Masasi asiyejua kwamba maji yale yanababua? Nilijua kabla sijajua kusoma. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikapaka, kidogo tu. Mama yangu wee! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Ngozi ikachubuka, na zile nywele zilizokuwa bado zinasitasita zikaondoka nayo.

Siku ya harusi nikapanda Newala na kilemba kikubwa kuliko cha bi harusi. Sijakaa vizuri, mama mkwe wa binti yangu akanijia akicheza, vigelegele juu, akakichomoa kilemba changu mbele za watu wote. Ngoma ikanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikumuonea aibu mtu mwingine yeyote pale isipokuwa mwanangu.

Yule mama akakikagua kichwa changu, akashika kiuno.

"We mtani, umenimaliza! Mimi nilimwambia mwanangu aoe kwenu ili atuletee nywele!"

Akavua kilemba chake. Hakukuwa na kitu, kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni.

Watu wakaangua kicheko. Tulikumbatiana, vichwa wazi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, ya raha kabisa. Bi harusi, ambaye alitakiwa kuinamisha macho, alikuwa ameyainua anatutazama mama zake wawili, na mkono wake unapanda polepole kwenye paji la uso.