Kisanduku cha tatu cha fundi Ishaka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, pikapu nyeupe imeshaiacha lami ya Mpemba na inakanyaga udongo mwekundu wa barabara ya Isongole. Fundi Ishaka Hatibu amekaa kiti cha abiria, amepakata kifurushi kilichofungwa kwa kanga ya mkewe. Gari likikaribia shimo anakiinua kidogo, kama mtu aliyebeba mayai.

"Fundi, hata mama Bushra hujawahi kumkumbatia hivyo," anasema dereva, ambaye ndiye mwenye gari, mzee Yesaya Kibona wa Mbebe.

"Mama Bushra hakuuzwa laki tatu na themanini," Ishaka anajibu. "Endesha pole pole, mzee wangu."

Kwenye dashibodi taa ndogo ya kijani inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Maana yake fo-wili haishiki. Yesaya anaweza kubonyeza kitufe mpaka kidole kiote sugu, magurudumu ya mbele hayatasaidia kitu. Mvua imekaa kimya siku mbili, ndiyo maana wamethubutu kupanda milima ya Ileje kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ni Ijumaa, Februari mwaka 2014.

Ndani ya kanga mna kisanduku cheusi, kipana kama kiganja. Hicho ndicho kinachopokea amri ya kitufe na kuiambia mota iliyo chini ya gari ivute. Mafundi wanakiita kontroli boksi. Hiki ni cha tatu kwa gari hili hili moja, na Ishaka amekinunua kwa hela yake, karibu mapato ya wiki tatu za gereji.

"Kikifa na hiki," Yesaya amekwisha kumwambia bila kupandisha sauti, "gari nalipeleka Mbeya. Na watu wangu nitawaambia waende Mbeya."

Watu wake si wachache. Kwa zaidi ya miaka ishirini, gari la Ileje likiugua lilishushwa Tunduma kwa Ishaka, kwa sababu Yesaya alisema hivyo.

Ishaka si mwenyeji wa huku. Ni mtu wa Kondoa. Aliingia Tunduma mwaka 1987, kijana wa miaka ishirini na minne, utingo wa lori lililokuwa linapeleka mbolea Zambia. Lori likavunja ekseli mpakani. Wakakaa wiki tano kusubiri spea, na katika wiki tano hizo akawa anamshikia spana fundi mmoja wa jirani ili apate chakula. Spea ilipofika lori likaondoka, yeye akabaki.

"Tunduma ilikuwa mtaa mmoja na vumbi lake," anakumbuka. "Halafu biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaja, sukari ikaja, magari yakaja. Kila aliyepata senti mbili alitaka gari, na kila gari lilikuwa bovu. Tukala vizuri!"

Siku hizi siku njema inampa shilingi elfu thelathini, siku mbaya elfu tano. Lakini ukitaka kumwona Ishaka akitabasamu usimwulize hela, mwulize Landrova.

"Ile ukiiuliza ilikujibu," anasema. "Unasikiliza, unagonga na nyundo, ugonjwa unaujua. Fo-wili ilikuwa gia fupi hapa pembeni ya goti. Unavuta, chuma kinashika chuma, unasikia 'kwaa!' Abiria wenyewe walikuwa wanaijua. Wakisikia kwaa, kina mama wanaanza kuimba, maana wanajua leo tutafika."

Yesaya alikuwa nayo moja ya namna hiyo, aliyoinunua mnadani mwaka 1990. Ilibeba kahawa, nguruwe, mabati ya kanisa, wajawazito na marehemu. Mwaka 2011 iliuzwa chuma chakavu, na mzee akanunua hii pikapu ya Kijapani yenye kitufe.

Taa ilianza kupepesa Novemba 2013. Ishaka alifanya alichokijua: akalala chini ya gari, akafungua vyuma, akabadilisha mota. Taa ikapepesa vile vile. Ndipo fundi mwenzake akamwambia aangalie kisanduku kilichofichwa sakafuni, chini ya zulia, upande wa dereva. Akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa Watson, muuza spea za mitumba, akapewa kingine. "Mukwai, hiki kizima kabisa," Watson aliapa, akitanguliza neno la heshima la kwao. Kikafanya kazi wiki tatu kikafa. Ishaka akarudi ng'ambo, akamtukana Watson mbele ya wateja wake.

Madereva wa Isongole nao wakapata la kusema. Wakimwona wanapiga kelele, "Fundi Disko! Taa vipi?"

"Nilikuwa sili vizuri," anasema. "Mtu akikuita mwizi unaweza kubisha. Akikuita hujui kazi, utabisha na nini, na taa inapepesa?"

Ndiyo maana safari hii amekataa kufunga kisanduku gerejini. Anataka kukifungia Mbebe na alale huko, aone kwa macho yake gari linaishi vipi.

Wanafika saa tano. Ikupa, mke wa Yesaya, anawapokea kwa viazi na chai, na kwa maneno.

"Fundi, mara hii umekuja na dawa au umekuja na pole?"

"Dawa, mama Ipyana. Pole niliiacha Tunduma."

Baada ya swala ya adhuhuri anachomoa waya wa betri, anakunjua zulia, anafungua bolti mbili na kutoa kisanduku kilichokufa. Analinganisha namba za kile cha zamani na kipya, herufi kwa herufi, kidole kikitembea juu yake. Zinalingana. Anachomeka, anakaza, anarudisha waya. Yesaya anabonyeza kitufe. Taa inawaka, inatulia. Wanaliingiza gari kwenye matope ya nyuma ya zizi, linatoka lenyewe.

Yesaya hasifii. "Hata kile kingine kilianza hivi hivi," anasema.

Jumamosi asubuhi Ishaka ameketi barazani na kikombe mkononi. Ikupa anaandaa gari kwa ajili ya ibada ya kesho. Amefungua milango yote miwili. Ameinua ndoo ya lita ishirini mpaka begani, na maji yote anayamwaga ndani, kwenye sakafu ya gari, kisha anachukua fagio la chelewa.

Kikombe kikaanguka. "Mama Ipyana! Simama hapo hapo!"

Ishaka alikimbia pekupeku. Aling'oa waya wa betri, akakunjua zulia lililolowa chapachapa, akakitoa kisanduku kikichuruzika. Akakipangusa kwa shati lake, akakiweka kwenye bati juani, akabaki amechuchumaa mbele yake kama mwenye mgonjwa.

"Unaosha hivi kila wiki?" akauliza bila kugeuka.

"Kila Jumamosi. Gari la mzee wa kanisa liende na matope?"

"Nani alikufundisha kuosha gari kwa ndoo, mama?"

Ikupa akaweka fagio chini. "Si wewe? Mwaka ule ulipoweka sakafu mpya kwenye Landrova. Ulitoboa matundu manne, ukaniita, ukaniambia mwaga maji bila hofu, osha kama jiko lako, chuma hakiogopi maji. Nikakushika neno. Miaka ishirini nimekushika neno, fundi."

Ishaka anasema alikumbuka yote papo hapo. Mwaka 1994. Matundu aliyatoboa mwenyewe, na alijivunia sana matundu yale. Maji yalikuwa yakitoka yakiwa mekundu, kisha maji meupe, na Ikupa, wakati huo msichana aliyeolewa juzi, alicheka akasema sasa gari limekuwa nyumba.

Yesaya alitoka ndani kwa kelele zile. Akaona zulia, akaona ndoo, akaelewa. "Kumbe ni wewe, mama Ipyana, unayetuulia gari!"

Hapo fundi angeweza kunyamaza. Jina lake lingepona, na Isongole nzima ingejua kwamba kosa lilikuwa la mwanamke wa Mbebe.

"Mwache," Ishaka akasema. "Amefuata niliyomwambia mimi. Gari lilibadilika, sikurudi kumwambia."

Kisha Ikupa akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Miaka ishirini! Na mimi nikijiona hodari!"

Kisanduku kilikaa juani mpaka alasiri. Ishaka akakata kipande cha bati, akatengeneza kishikio, akakifunga kisanduku juu nyuma ya dashibodi, mahali ambapo ndoo haifiki. Zulia akalitupa. Jumapili gari lilipanda na wanakwaya kumi na wawili nyuma, mvua ikinyesha. Taa iliwaka ikatulia. Kwaa haikusikika, lakini kina mama waliimba.

Hii ndiyo hali yao mwishoni mwa mwaka 2015. Kisanduku bado kinafanya kazi. Mzee Yesaya magoti yamemkataa, na pikapu inaendeshwa na mwanawe Ipyana. Ikupa anapangusa gari kwa kitambaa na anasema halijawahi kutakata tangu hapo. Watson alifuatwa dukani kwake, akaombwa radhi mbele ya wateja, akakubali, akapandisha bei. Madereva wa Isongole bado wanamwita Fundi Disko na wanamletea magari. Ishaka anaomba nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu ya umeme wa magari katika chuo kimoja cha Mbeya, yanayoanza Januari. Fomu ameshaijaza. Kwenye umri ameandika hamsini na miwili, na palipoulizwa uzoefu ameandika kwamba anajua chuma tu.