Gari la Kumbeba Mama Mkwe

Safari hii ilikuwa ya siku moja, kutoka Makadara hadi Makadara, na ilinichosha kuliko basi la Kakamega. Sababu ilikuwa goti la mama mkwe wangu. Alikuja Nairobi kutibiwa, na kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa kliniki. Haishi kwangu. Kwetu magharibi mwa Kenya, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hampi mkono, hakai naye bega kwa bega. Anaishi mtaa wa Bahati kwa shemeji yangu, mwanawe wa kiume, na kliniki alikuwa akienda kwa teksi. Wiki tatu zilizopita, dereva akimharakisha, alianguka akishuka. Akaapa haendi tena. Bila matibabu goti lingekwisha kabisa. Kwa hiyo tulihitaji gari letu, na mimi nikaamua lazima liwe na kiti cha mbali na cha dereva.

Saa mbili asubuhi niliondoka na mke wangu, Mama Nafula, pamoja na Wekesa, jirani yetu fundi wa magari. Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya kuzunguka. Mfukoni nilibeba tepu ya kupimia. Wekesa alipoiona alicheka hadi akakohoa.

"Sasa tunanunua gari ama kabati?"

Nilikuwa nimechoka kabla hata hatujatoka getini.

Saa tatu, barabara ya Outering. Yadini, uwanja wa kuuzia magari, yale ya kutoka Japani yalikuwa yamepangwa yaking'aa, hata tairi zimepakwa rangi. Muuzaji wa miwani ya jua alitupeleka kwa moja lenye safu tatu za viti.

"Niaje mkubwa! Hii imeshuka meli juzi tu. Huku Kenya hakuna mtu ameikalia."

Alipoliwasha, sauti ya mwanamke ikatusalimu kwa Kijapani. Mke wangu akaitikia, "Salama, mama." Muuzaji akakunja kiti cha katikati, akajipenyeza hadi safu ya tatu kutuonyesha nafasi. Nikapima kutoka kiti cha dereva: mita mbili kasoro kidogo. Moyo ukatulia. Mama angekaa kule, mimi huku, na heshima katikati.

Wekesa alikuwa amechuchumaa mlangoni.

"Baba Nafula, kuja uone."

Dashibodi ilionyesha kilomita chache, lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana.

"Hii imetembea sana. Haitaki tu kusema. Halafu iko chini, matuta ya huko nyumbani itayalalia."

Nilimsikia, lakini nilishaupenda ule umbali. Nikamwambia muuzaji nitarudi saa kumi.

Saa sita, Buruburu. Mimi nilitaka kwenda kulala, miguu inawaka moto, ila Wekesa alimjua mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza gari. "Mwenda bure si mkaa bure," mke wangu akasema, nikafuata shingo upande. Gari lenyewe lilikuwa la viti vitano, refu kwenda juu, rangi imepauka. Mwalimu alilinunua likiwa jipya hapa hapa Nairobi, na kilomita zake zilinitisha.

"Hizo zote ni zangu," alisema, "na naweza kukueleza nilienda wapi."

Akaleta kitabu cha sevisi, mihuri ukurasa kwa ukurasa. Wekesa aliingia chini, akagonga springi, akatoka akitabasamu. Nikatoa tepu. Kutoka kiti changu hadi cha nyuma, hata mita haikufika.

"Samahani, Mwalimu, nafasi haitoshi."

"Kwani uko na watoto wangapi?"

"Si watoto. Ni mama mkwe."

Mwalimu naye ni mtu wa kwetu magharibi, kwa hiyo hakucheka. Akauliza, "Na yeye mwenyewe amesema anataka kukaa wapi?"

Wiki tatu nzima, hakuna aliyemuuliza.

Saa tisa, Bahati. Tulikwenda na gari la Mwalimu, yeye akiwa mbele kando yangu. Mama alitoka na mkongojo na leso yake begani. Mke wangu akamweleza kuhusu lile gari la yadini na kiti cha nyuma kabisa.

"Nipenye huko kama mbuzi?" Mama akauliza. "Na hii goti?"

Akaufikia mlango wa mbele ambao Mwalimu aliuacha wazi aliposhuka. Akageuza mgongo, akaketi bila kuinama, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Nilisimama na tepu mkononi, nikitamani ardhi inimeze. Akatandaza leso kati ya viti viwili.

"Baba Nafula," alisema akitazama kioo cha mbele, si mimi, "hapo ni mpaka. Washa."

Nikaingia, nikawasha, nikamzungusha mtaa mzima.

Saa kumi sikurudi yadini. Nilirudi nyumbani hoi, nimeshakubaliana na Mwalimu, na usingizi haukuja upesi kwa aibu. Kuuliza si ujinga, nasi tulifundishwa hivyo tangu utotoni. Nilikuwa tayari mgonjwa atambae ili mimi nionekane mwenye adabu.

Jumanne nilimpeleka kliniki. Njia nzima aliangalia dirisha lake, nami nikaangalia barabara. Tulipofika, alishuka mwenyewe bila kushikwa na mtu, na leso akaiacha palepale kati ya viti, iisubiri Ijumaa.