Maji ya Mwenzangu

Katika kikosi chetu, chupa ya maji ya kiunoni haikuwa ya kunywea. Najua ni upuuzi, lakini ndivyo tulivyoishi. Tukirudi kutoka matembezi marefu, sajini alipita mstari mzima akizitikisa chupa moja moja karibu na sikio lake. Chupa iliyojaa mpaka shingoni haitoi sauti. Iliyonywewa inacheza, na mwenye nayo aliitwa bibi harusi wiki nzima. Hakuna amri iliyoandikwa kuhusu jambo hilo. Tulilirithi kwa waliotutangulia, tukalishika kwa bidii kuliko amri zote zilizoandikwa.

Mimi nina pumu. Nimekuwa nayo tangu utotoni, mtaani Musaga, katika nyumba iliyozungukwa na majiko ya mkaa pande zote. Siku ya kupimwa kabla ya kuingia jeshini nilijifungia chooni, nikavuta pampu ya dawa mara mbili, nikampelekea daktari kifua kilichotulia kabisa. Aliniuliza kama nina ugonjwa wa kupumua. Nikamjibu hapana bila kupepesa macho, na tangu hapo ikanibidi kuishi na jibu hilo. Pampu ingekutwa kwenye begi langu wakati wa ukaguzi, jina langu lingefutwa kwenye orodha ya misheni ya nje, ya kulinda amani. Niliitaka misheni ile kuliko kitu chochote. Kila aliyerudi kutoka huko alijenga, na kuta za nyumba niliyoianza Kanyosha zilikuwa zimenyeshewa misimu mitatu bila paa.

Basi nikafanya ufundi. Chupa zetu za plastiki hukaa ndani ya kikombe cha bati kinachozifunika hadi nusu. Nilikata kitako cha chupa yangu kwa kisu kilichopashwa moto, nikaingiza pampu, nikaizungushia soksi zilizolowa ili chupa iwe nzito, nikairudisha kwenye kikombe chake. Sajini aliitikisa, haikutoa sauti. Alinisimamisha mbele ya wenzangu na kunisifu. Nilisimama pale nimejaa soksi kiunoni, kifua mbele, na sitadanganya, sifa zilinikaa vizuri.

Lakini soksi hazinyweki. Hapo ndipo mwenzangu anapoingia.

Tulitembea wawili wawili, na kila mtu alikuwa na dhamana ya mwenzake. Wangu alikuwa mtu wa milimani, mrefu, mpole kupita kiasi, kwao asubuhi wanavaa makoti mawili. Alinigundua mapema, kwa sababu tulilala vitanda vya jirani na alinisikia nikipiga filimbi kifuani.

"Uko na asima, we," aliniambia.

"Mi niko muzima."

"Apana, usinidanganye. Mi sitasema kwa mutu."

Hakusema. Badala yake alianza kunipa maji yake. Tukiwa nyuma, sajini akiwa mbele, alinipitishia chupa kwa mkono wa chini nami nikanywa. Mwisho wa safari chupa yake ilicheza, na bibi harusi akawa yeye. Watu walimwimbia, wakamtandikia khanga kitandani. Alicheka pamoja nao. Mimi pia nilicheka, na hilo linanichoma zaidi ya hizo nyimbo.

Matembezi ya mwisho, yale ya kuchujia watakaokwenda misheni, yalifanyika Septemba, kabla mvua hazijaanza. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka likizo siku mbili tu kabla yake, mwili bado uko kwenye baridi ya kwao. Tulipaswa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Mkubwa aliyetakiwa kutuaga alichelewa, tukamngoja kwenye mstari mpaka saa tatu, na fulana za kuzuia risasi tumezivaa, kofia za chuma zinaanza kupata moto. Hakuna aliyethubutu kufungua chupa. Ndipo tukashuka mjini na kushika barabara ya mashamba ya mpunga. Joto lilitoka juu, likatoka kwenye lami, na malori yakatumwagia vumbi.

Vumbi lilinimaliza. Tukaanza kubaki nyuma, mimi nikiburuta pumzi, yeye akipunguza hatua ili tuwe sambamba. Alinipa chupa, nikanywa. Baadaye akanipa tena. Mara ya tatu sikungoja kupewa, niliichukua mwenyewe kiunoni mwake, nikaimaliza. Sikumuuliza kama yeye amekunywa. Kusema kweli nilijua hajanywa.

Muda si mrefu akaanza kuzungumza. Alimwambia ng'ombe aliyefungwa kando ya barabara aende akamwite mama yake, akasisitiza, akamkasirikia kwa kutojibu. Mwanzoni nilidhani ananitania. Kisha miguu yake ikaenda upande, akagonga bega langu, akaanguka kifudifudi. Nilimgeuza. Ngozi yake ilikuwa kavu na inaunguza, macho yamefunguka lakini hayanioni.

Wenzetu walikuwa mbele, kiasi cha mita mia mbili. Nilifungua mdomo kuwaita na sauti haikutoka, ilitoka filimbi tu. Chupa yake ilikuwa tupu. Yangu ilikuwa na soksi, na ndani ya soksi kulikuwa na pumzi ya kupigia kelele.

Nilisita. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilipiga magoti kando yake nikipima uwezekano, kwamba labda watageuka wenyewe, labda lori litapita, labda atazinduka bila mimi kufungua chochote. Haikuwa dakika nzima, nadhani. Nimeirudia mara nyingi sana na sasa siwezi tena kujua urefu wake.

Kisha nikaichomoa chupa, nikavuta pampu mara mbili, mara tatu, nikapiga ukelele hata mama mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga akainua kichwa kabla ya wale askari. Ni yeye aliyetuokoa. "Mumuvue hiyo makitu! Mumuweke mu maji!" alitufokea, kama watoto wake. Wenzangu walirudi mbio, tukamvua fulana na buti, tukamlaza kwenye mfereji wa mashamba, nikamshika kichwa kisizame. Chupa zote za kikosi zilifunguliwa juu yake. Zilikuwa zimejaa, zote.

Sajini aliiona pampu mkononi mwangu, akaona soksi barabarani.

Mwenzangu alilala hospitali siku nyingi. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na daktari alisema figo zimeumia lakini zitapona. Siku ya kuhojiwa, mkubwa alikuja na karatasi, akanisimamisha kando ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeshafutwa kwenye orodha, hilo halikuwa na mjadala. Lililobaki ni moja. Kunywa maji ya mwenzako wakati wa zoezi ni kosa la kufukuzwa jeshini.

"Huyu hakukuwa na maji. Alikunywa yako?" mkubwa alimuuliza.

Mwenzangu alinitazama kidogo. "Apana, shefu. Nilikunywa mi mwenyewe, yote."

"Yote? Mbele ya kufika katikati ya njia?"

"Ndiyo, shefu. Kiu ilinishinda."

Mkubwa akaandika. Mimi nilisimama wima, mikono kwenye mishono ya suruali, kama tulivyofundishwa.

Nilihamishiwa stoo, ambako niko mpaka leo, natoa blanketi na kupokea blanketi, na pampu yangu iko mezani mbele ya macho ya wote. Yeye alipona. Daktari alisema anaweza kwenda na kundi linalofuata, lakini kila kundi linapochaguliwa faili lake hufunguliwa, na ndani wanasoma kwamba ni askari asiyeweza kujizuia, aliyemaliza maji yake kabla ya nusu ya safari. Mara nne sasa wameondoka bila yeye.

Jumapili akipita Musaga huingia kwangu kunisalimia. Humimina maji kwenye glasi mbili, na mara zote hunisogezea mimi kwanza.