Nyasi za Chini ya Nyaya

Katika duka la dobi la mtaa wa chini, mwanamke aliyepiga pasi kwenye meza ya dirishani aliitwa Mama Pasi na kila mtu, hata na wale waliomjua tangu usichana wake. Alikuwa mwembamba, mikono yake ina nguvu kuliko ilivyoonekana, na alikuwa na mzaha wake wa kazini. Kabla ya kulitandaza shati mezani aliinua kola, akaitazama, kisha akatoa hukumu.

"Huyu analala ofisini."

"Huyu mkewe amesafiri."

"Huyu ana mpenzi mpya. Nusu chupa ya marashi imeishia hapa."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa amebaki mtu wa kuchekesha tu, na wale walioanza kazi hivi karibuni hawakujua kwamba zamani alikuwa pia mtu wa kucheka, tena wa kicheko kilichosikika hadi barabarani.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na mgongo wake uligusana na ukanda wa nyaya za umeme. Minara ya chuma ilipita katikati ya mji kwa mstari, nyaya zikining'inia kutoka mmoja hadi mwingine, na siku za unyevunyevu zilivuma kama mzinga wa nyuki. Chini yake hakuna aliyeruhusiwa kujenga, basi kila mtu alitupa: magodoro, vifusi, matairi, friji zisizo na milango. Vichaka vikaota juu ya taka. Ng'ambo ya ukanda kulikuwa na mtaa wa juu, na huko alikaa dada yake mkubwa, fundi cherehani. Kwa barabara ilibidi upande basi, ushuke, upande jingine. Kwa kichochoro kilichokanyagwa katikati ya vichaka, uliondoka chini dada akiipua chai, ukafika juu bado inatoa moshi.

Kichochoro hicho ndicho kilichompitisha mwanawe siku ya mwisho.

Nyumbani walimwita Mrefu, kwa kuwa alirefuka ghafla kama mtu aliyevutwa. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa anajifunza kazi ya kutandaza vigae. Alasiri moja alipanda kwa mama yake mkubwa kuchukua suruali ya kazini iliyopelekwa kutiwa viraka magotini. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imeshaanza na upepo ulikuwa umekata waya mmoja. Waya ulilala kwenye majani marefu, bado una umeme, na hakuna aliyekuwa amekuja kuweka hata kamba ya kuzuia watu. Mrefu hakuuona.

Kwenye msiba, mbele ya akina mama waliojaa chumbani, dada mtu alisema mwenyewe, sauti imekauka: "Mimi ndiye niliyemwambia apite katikati. Alitaka kuzunguka barabarani. Nikamwambia pita hapa hapa, mvua inakuja."

Mama Pasi akamtazama, kisha akatazama chini. "Sawa, dada," akasema.

Basi, hilo tu. Hawakugombana wala kutukanana, na hakuna aliyetumwa kuwapatanisha, maana hakukuwa na kitu cha kupatanisha. Wakikutana kwenye harusi ya ndugu waliulizana hali na kujibiana kuwa ni nzuri. Watu wakiuliza mbona hawatembeleani, kila mmoja kwa upande wake alisema, "Njia mbaya." Na kwa kuwa njia kweli ilikuwa mbaya, jibu lilitosha. Mama Pasi alisogeza kabati la nguo mpaka likaziba dirisha la nyuma, na chumba chake kikawa cha taa mchana na usiku.

"Mama, hili kabati umeliajiri ulinzi?" binti yake alimtania siku moja. Binti huyo ndiye aliyebaki naye, na aliuza kwenye duka la dawa karibu na kituo.

"Limeajiriwa, na halijawahi kuomba likizo," mama akajibu. Binti hakurudia tena mzaha huo.

Miaka ikaenda. Kisha halmashauri ya mji ikatangaza kwamba ukanda wote utasafishwa. Taka zitaondolewa, vichaka vitang'olewa, na badala yake zitapandwa nyasi na maua ya porini ambayo hayakui hadi kufikia nyaya. Katikati itapita njia ya miguu, yenye mabenchi, kutoka mtaa wa chini hadi wa juu na mbele zaidi. Wakazi wakaitwa kwenye ukumbi wa shule. Binti alimvuta mama yake kwa mkono, la sivyo asingekwenda.

Aliyesimama mbele alikuwa mama mmoja mnene, mtaalamu wa mimea, ambaye watu walikuwa tayari wamempachika jina la Bibi Mbegu. Alieleza vizuri. Watu walifurahi na kuuliza kuhusu nyoka, taa, vibaka na nani atakata nyasi. Ndipo kwenye viti vya nyuma akainuka mwanamke mwenye miwani mizito, ameshika kiti cha mbele yake. Mama Pasi alimtambua kwa namna alivyokohoa kabla ya kusema.

"Mimi naomba," dada yake alisema, "hiyo njia ipite palepale kilipokuwa kichochoro cha zamani. Watoto wapate njia fupi iliyo salama."

Mama Pasi alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

"Wewe!" akasema. "Wewe ndiye wa kuwaonyesha watoto njia ya mkato?"

Wazee waliokijua kisa walitazama viatu vyao. Dada mtu alibaki amesimama kidogo, mdomo wazi, halafu akajishusha kwenye kiti taratibu kama mtu asiye na hakika kwamba kiti kipo. Mama Pasi akatoka nje. Alitembea kasi mpaka nyumbani, na usiku huo hakula.

Mashine zikaja. Kwa wiki nyingi vyombo vya kabatini vililia vyenyewe kwa mtikisiko. Jioni moja Bibi Mbegu akabisha hodi, buti zake zimejaa udongo, akakataa kuketi asichafue kiti.

"Mama, nimeelezwa yaliyokupata," alisema. "Sikujua. Njia bado haijachimbwa, naweza kuipeleka upande wa pili wa mnara. Nionyeshe tu mahali penyewe, nipakwepe."

Mama Pasi akakubali kumwonyesha jioni ya kesho. Kesho yake, kabla ya kwenda dobini, aliufungua mlango wa uani ambao kitasa chake kilikuwa kimeshika kutu, akaingia chini ya nyaya.

Hakupatambua.

Kwa miaka yote hiyo mahali pale palikuwa kichwani mwake: mti wa miiba upande huu, gofu la gari upande ule, mtelemko mdogo, majani. Hakuwahi kurudi, lakini angeweza kupachora amefumba macho. Sasa hapakuwa na miiba wala gofu. Mtelemko ulikuwa umesawazishwa. Ulikuwepo udongo mwekundu mtupu, laini kama kitanda kilichotandikwa, tangu ukuta wake hadi mtaa wa juu. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Akasimama chini ya mnara, akahesabu minara, akachanganyikiwa. Ilikuwa kana kwamba mtoto amepotea tena, na safari hii hata mahali pa kumlilia pamechukuliwa.

Hakwenda kazini siku hiyo. Alikuwepo mtu mmoja tu mwingine aliyepajua: dada yake, ambaye siku ile alisikia kelele za majirani akashuka mbio na mkasi bado mkononi, akafika kabla ya wote. Mama Pasi akapanda basi, akashuka, akapanda jingine.

Chumba cha fundi kilikuwa kilekile: cherehani dirishani, marobota ya vitambaa hadi darini, vipande vya nyuzi sakafuni. Mwenyewe ndiye aliyekuwa amebadilika. Alikuwa ameinamia sindano, anajaribu kutunga uzi, na uzi unapita pembeni kila mara.

"Karibu mteja, nakuja sasa hivi," alisema bila kugeuka.

"Si mteja, dada. Ni mimi."

Uzi ukaanguka. Mama Pasi akauokota, akaulowesha mdomoni, akautunga, akamrudishia sindano. Ndipo akaketi.

"Nimekwenda pale. Wamepasawazisha. Sipaoni," akasema. "Njoo unionyeshe."

"Nitakuja," dada akajibu upesi, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la gauni. "Nilidhani umekuja kunimalizia yale ya ukumbini."

"Yale nilikosea."

"Hukukosea. Nilimtuma mimi."

Mama Pasi alitazama mikono yake.

"Dada. Siku ile, alipokuwa hapa, alikwambia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua."

Dada akavaa miwani, akaivua tena. "Mdogo wangu, tuyaache."

"Alikwambia nimesema awahi."

Mashine ya jirani ilikuwa ikikoboa kitu ng'ambo ya ukuta. Walingoja mpaka ikanyamaza.

"Alisema, 'Mama kasema nisipofika mapema atanifungia mlango,'" dada akasema hatimaye. "Alisema huku anacheka. Hakukuogopa, usidhani alikuogopa. Alitaka kuzunguka barabarani, mimi nikamwambia basi pita katikati usije ukafungiwa. Ile ya mlango sikuisema msibani. Sikukusudia kuisema kamwe, kwa mtu yeyote."

"Nilijua kwamba unajua," Mama Pasi akasema. "Ndiyo maana sikuweza kukutazama. Watu walidhani nimekukasirikia. Hata wewe ulidhani hivyo. Na mimi nikawaacha mdhani hivyo."

Alilia basi, kwa sauti, mbele ya marobota ya vitambaa. Dada yake hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti chake karibu, magoti yakagusana, na alipoona machozi hayaishi akampa kipande cha kitambaa cha bitana, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Suruali aliificha ndani ya shati," dada akasema baadaye. "Ili isilowe. Nilipofika bado ilikuwa kavu."

Jioni wakashuka pamoja, kwa mwendo wa dada, ambao ulikuwa wa kusimamasimama. Bibi Mbegu alikuwa akiwangoja na kigingi cha mti na nyundo.

"Ni hapa," dada akasema, akielekeza fimbo yake.

"Hapana," Mama Pasi akasema. "Pale ulikuwepo mti wa miiba. Ni mbele kidogo."

"Miiba ilikuwa nyuma yangu, mdogo wangu. Ilinichana gauni."

"Basi labda huku."

Walibishana kwa upole, wakihamishana kutoka udongo mwekundu hadi udongo mwekundu, mpaka wote wawili wakakubali kwamba hawajui. Mama Pasi alisimama akiwa na mikono kiunoni, macho yameanza kujaa tena. Bibi Mbegu akakitupa kigingi chini.

"Sikilizeni. Kuanzia mnara huu hadi ule sitapitisha njia wala mashine ya kukatia. Nitapanda nyasi ndefu, ziachwe. Njia itazunguka. Mtu akiuliza, nitamwambia ni kwa ajili ya vipepeo."

Ikawa hivyo. Mvua zilipokuja, ukanda ukageuka kijani, kisha ukatoa maua ya manjano na ya zambarau. Watu wakafurika. Wazee walitembea asubuhi, wanafunzi walikimbia jioni, wapenzi wakayakalia mabenchi. Mama Pasi alisogeza kabati, na mwanga ulipoingia chumbani akaona jinsi kuta zilivyokuwa zimechakaa. Hakusema kwamba amefurahi. Wakati mwingine kicheko cha wapita njia kilimuuma mpaka akafunga dirisha, kisha akalifungua tena.

Dada alishuka Jumapili chache. Walikaa benchi moja, wakasimuliana mambo ya Mrefu ambayo kila mmoja alikuwa amejifichia peke yake. Walikuwa na miaka mingi ya kufidia na wakadhani muda upo. Lakini kabla maua hayajakauka, dada alianguka juu ya cherehani, upande wake wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka mdomoni yamevunjika.

Tangu siku hiyo Mama Pasi alipanda njia ile asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akampigia pasi shuka za kitandani ingawa hakuna aliyeziona. Alimletea hukumu za kola za siku hiyo, na nusu ya mdomo wa dada ikatabasamu. Siku moja, akihangaika sana, dada alisema kitu kilichofanana na "umechelewa."

"Nimechelewa, dada," Mama Pasi akajibu. "Nimechelewa sana."

Hakujua kama alimaanisha jioni ile au miaka yote. Hakuuliza, na wiki ile ile dada akafariki usingizini.

Baada ya maziko alikaa siku kadhaa katika chumba cha juu akirudisha nguo za wateja. Zilizokwisha alizipiga pasi kwanza. Zilizobaki nusu alizirudisha kama zilivyo, pamoja na samahani. Gauni moja la bluu, lililokuwa limeunganishwa mkono mmoja tu, halikupata mwenyewe.

Jioni ya mwisho yeye na binti yake wakaibeba cherehani, kila mmoja ameshika upande, wakashuka nayo njiani. Wapita njia waliwapisha. "Poleni na mzigo," mmoja akasema. Walipofika kwenye nyasi ndefu, zilizokuwa zimekauka na kulala kwa upepo, Mama Pasi akasema, "Tuweke chini kidogo."

"Umechoka, mama?"

"Hapana."

Alisimama akizitazama zile nyasi. Juu yao nyaya zilivuma.

"Shika vizuri," mama akasema hatimaye, akiinama kwenye upande wake. "Ni nzito, na kesho nina mashati ya watu."